Watu Tisa wa Mlingoti

Lori la ushirika lilikuwa limeshavuka kijito cha pili, na kelele za watoto waliokuwa wakilikimbilia kwa nyuma zilikuwa zimeshakatika, Yuliana alipogundua kwamba ile harufu haikuwa ya injini. Ilitoka mapajani mwake.

Alikuwa ameketi juu ya mikungu ya ndizi, mgongo ameuegemeza kwenye gunia la machungwa, na mikononi amekumbatia sanduku la mbao lililowahi kuwa la sabuni. Ndani ya sanduku hilo mlikuwa na watu tisa. Kila mmoja alikuwa na urefu wa shibiri moja, na kila mmoja alikuwa amezungushiwa kipande cha gazeti. Juu ya kifuniko Mwalimu Salehe alikuwa ameandika kwa chaki: SABASABA 1973. SHIKA POLEPOLE.

Rangi ikikauka hainuki hivyo. Yuliana alilijua hilo. Alivuta ncha ya kanga aliyojitanda akaifunika juu ya sanduku, kama mtu anayemkinga mtoto na baridi, akageuza uso kutazama mabonde ya Matombo yakibaki nyuma.

"Kondo," alisema Angelina, aliyeketi upande wa pili. "Mafuta yako ya taa yananuka mpaka huku."

"Mafuta yangu? Mimi nina kituo cha mafuta?"

"Nani aliyechanganya rangi? Si wewe?"

Mwalimu Salehe alikuwa nao huko huko nyuma, maana kiti cha mbele alikuwa amempisha mama mjamzito aliyekuwa akienda hospitali. Alikuwa mtu wa Kilwa, mrefu, na milima ya Uluguru haikuwahi kumzoea. Kila lori lilipoinama, alishika ubao kwa mikono miwili. Aliposikia hayo aligeuka.

"Kondo, nilikwambia kifuniko kimoja kwa kopo zima."

"Kifuniko kimoja nilipima, Mwalimu. Haki ya Mungu."

"Hukuongeza?"

Kondo alikuna goti. Shuleni alijulikana kwa utundu. Kitu kikivunjika, jina lake ndilo lililotajwa la kwanza, na mara nyingi halikutajwa kwa uongo. Safari hii hata yeye alianza kujishuku.

Yuliana alitazama ndizi.

Habari ya watu hawa ilianza mwezi wa nne. Katika kipindi cha kazi za mikono, wanafunzi wa shule yao walikuwa na kawaida ya kutengeneza mikeka na mipini ya majembe. Siku moja Mwalimu Salehe aliwaambia, "Kwenye maonyesho ya Sabasaba kila shule itapeleka mipini ya majembe. Sisi tupeleke watu wanaoishika."

Darasa zima lilicheka. Mwalimu hakucheka. Aliwapeleka kwenye mpaka wa shamba la zamani, palipoota mkonge, wakakata milingoti mikavu, yale mashina marefu yanayobeba maua ya mkonge. Mlingoti wa mkonge ni mwepesi, na kisu hata kikiwa butu kinapita. Walikata vipande: kiwiliwili, kichwa, mapaja, miguu, na mikono iliyogawanywa kwenye kiwiko. Walitoboa matundu kwa waya uliopashwa moto. Halafu, badala ya kupigilia misumari, walipitisha kamba nyembamba za mpira wa tyubu ya baiskeli, wakazivuta na kuzifunga fundo ndani. Hapo ndipo palipokuwa na utamu. Mkono ukiuinua, unabaki ulipouacha. Mguu ukiukunja, mtu anapiga magoti.

Mtu wa kwanza hakuweza kusimama. Kila wakimsimamisha, alianguka kifudifudi. Kondo akasema huyo ametoka kilabuni. Baada ya siku mbili waligundua kwamba nyayo zilikuwa ndogo mno, wakachonga nyingine pana kama za bata, na mtu akasimama. Walilainisha miili kwa majani ya msasa, yale yanayokwaruza kama ulimi wa ng'ombe. Angelina alikata majembe na ndoo kutoka kwenye makopo ya bati. Kondo alichonga na kuchanganya rangi. Yuliana alichora nyuso.

Kwa kuchora nyuso, Yuliana hakuwa na mpinzani. Mwili aliupaka kwa kijiti kilichotafunwa ncha kama mswaki, lakini macho na nyusi alizichora kwa unyoya wa kuku. Alipomaliza, watu walisimama dirishani wakaonyeshana vidole. "Huyu si fundi baiskeli? Tazama anavyokaza jicho!" "Na huyu ni nesi wetu wa zahanati." Wa mwisho alikuwa mwanamke mwenye mkungu wa ndizi kichwani, shingo imenyooka, midomo imebanwa kidogo. Huyo Yuliana hakumtaja jina, lakini kila mtu alimjua. Alikuwa bibi yake, mama wa mama yake.

Rangi yenyewe ilikuwa masalio ya ile iliyopakwa milango ya zahanati: nyeupe, kijani na nyekundu ya udongo. Walimaliza kupaka Jumatatu. Mwalimu Salehe aliwapanga watu tisa kwenye ubao ndani ya stoo, mbele ya dirisha lililo wazi, akasema, "Mtu asiwaguse mpaka Ijumaa asubuhi. Siku nne." Ufunguo akampa Yuliana, aliyekuwa kiranja wa kazi za mikono.

Jumanne ukungu ulishuka mlimani. Jumatano haukuondoka. Mchana Yuliana aliingia stoo akamgusa nesi begani kwa ncha ya kidole. Kidole kilinata. Siku zimebaki mbili! Hofu ikampanda. Angemwambia Mwalimu, lakini aliambiwa asiguse, naye alikuwa amegusa. Alama ya kidole ilikuwepo pale pale begani.

Ndipo lilipomjia wazo ambalo mtoto yeyote wa milimani angelipata. Huko kwao, kitu kikiwa kibichi hukaushwa juu ya uchaga wa jikoni, ile dari ya fito iliyo juu ya mafiga. Mahindi hukauka pale. Kuni hukauka pale. Hata viatu vya kanisani vikilowa, hupandishwa pale. Kwa nini rangi isikauke? Aliwabeba watu wote tisa ndani ya kapu, akafunika kwa majani ya mgomba, akawapandisha juu ya uchaga wa bibi, akachochea moto.

"Nini hicho kinachonuka juu ya mahindi yangu?" aliuliza bibi.

"Kazi ya shule, Bibi."

"Kazi ya shule haina mahali pake shuleni?"

Alipowashusha Alhamisi asubuhi, alitaka kulia. Gauni jeupe la nesi lilikuwa la rangi ya chai ya mkandaa, isiyo na maziwa. Ngozi ya rangi ilikuwa imejikunja mikunjomikunjo, na masizi yamekwama ndani ya kila mkunjo. Kamba za mpira zilikuwa zimelegea kwa joto, mikono inaning'inia. Kibaya zaidi, akibonyeza, chini ya ile ngozi rangi ilikuwa bado mbichi. Alijaribu kufuta kwa kitambaa cha maji, masizi yakaenea. Aliwarudisha stoo akafunga mlango kwa ufunguo. Ijumaa aliwahi kabla ya wenzake, akamfunga kila mmoja kwa gazeti haraka haraka, na Mwalimu alipofika, sanduku lilikuwa limeshajaa.

"Watu wamekauka?" aliuliza Mwalimu.

"Wamekauka, Mwalimu."

"Wote?"

"Wote."

Maneno mawili tu. Na sasa lori liliteremka, na yale maneno mawili yalikuwa yameketi mapajani mwake yakinuka.

Walipokaribia Mkuyuni, Kondo alijisogeza taratibu mpaka alipokuwa Mwalimu.

"Mwalimu," alisema kwa sauti ndogo, "labda niliongeza. Kifuniko kilikuwa kinateleza. Labda mafuta yalimwagika kidogo, sikuona. Kama watu wameharibika, ni mimi."

"Una hakika?"

"Sina. Lakini nani mwingine? Mimi ndiye niliyechanganya."

Yuliana alisikia kila neno. Alimjua Kondo tangu wanachunga mbuzi pamoja, na hakuwahi kumsikia akizungumza namna ile, kama mtu anayejitafutia kosa mfukoni mwake mwenyewe. Wakifika mjini sanduku litafunguliwa. Kondo atasimama mbele ya watu abebe jambo ambalo hakulifanya, tena atalibeba akiamini kuwa ni lake. Na yeye, Yuliana, atakuwa amesimama kando na ufunguo shingoni.

Lori lilisimama Mkuyuni. Dereva Petro alishuka kutia maji kwenye rejeta, abiria wakashuka kununua miwa. Yuliana hakushuka.

"Mwalimu," aliita. "Naomba usimwandike Kondo."

"Nisimwandike nini?"

"Makosa. Rangi yake ilikuwa sawa. Ni mimi." Akiwa ameshaanza, ilikuwa rahisi kuendelea kuliko kunyamaza. "Jumatano niliwagusa. Nikawabeba nyumbani, nikawaweka juu ya uchaga. Wamejaa masizi. Leo asubuhi nilikudanganya. Hawajakauka hata mmoja."

Angelina aliacha kutafuna muwa. Mwalimu Salehe alisogea. Alilichukua sanduku, akalifungua, akamtoa mtu wa juu. Gazeti halikutoka. Alipolivuta, lilichanika, na nusu ya ukurasa ikabaki mgongoni. Alikuwa yule mwanamke wa ndizi.

Yuliana alisubiri kufokewa. Alikuwa ameshajiandaa, hata macho alikuwa ameyafumba.

"Sasa ni saa ngapi?" Mwalimu alimuuliza Petro.

"Saa nne kasoro."

"Tutafika saa sita. Kazi inapokelewa kesho saa mbili asubuhi." Alimrudisha mwanamke wa ndizi sandukuni. "Yuliana, fumbua macho. Adhabu yako utaipata tukirudi nyumbani, wala sitaisahau. Leo naihitaji mikono yako. Nani anamjua fundi rangi mjini?"

Yuliana aliachia pumzi ndefu, kama mtu aliyetua mtungi wa maji kutoka kichwani. Hakujua kwamba alikuwa ameibana tangu Alhamisi.

"Mjomba wangu," alisema. "Mjomba Bonifasi. Anapaka rangi malori, Msamvu."

"Na tangu Jumatano hukumtaja?" aliuliza Mwalimu. Hilo ndilo lililomchoma.

Kondo, aliyesikia yote akiwa kando ya lori, alipanda garini na muwa wake, akakaa upande wa mbali kabisa.

"Uliniacha niseme," alimwambia Yuliana. "Uliniacha niseme ni mimi."

"Nisamehe, Kondo."

Kondo alimenya muwa kwa meno, akatema ganda nje ya lori. Hakumtazama tena mpaka mjini.

Mjomba Bonifasi alikuwa na kibanda cha mabati kandokando ya barabara pale Msamvu, njia zinapogawanyika. Walimkuta amechuchumaa ubavuni mwa lori, akiandika jina la mwenye gari kwa herufi za manjano. Walimsalimia shikamoo, naye akaitikia marahaba bila kuinua brashi, mpaka alipomaliza mkia wa herufi. Kisha akafungua sanduku, akatazama yale mafurushi ya magazeti yaliyoloa mafuta.

"Mmeniletea watu au mmeniletea samaki wa kukaanga?"

Angelina alicheka mpaka akashika tumbo. Hata Yuliana alicheka, ingawa machozi yalikuwa karibu. Alimweleza mjomba wake yote, bila kuruka kitu.

Mjomba Bonifasi alisikiliza. Aliposikia habari ya uchaga, uso ulibadilika.

"Rangi yenye mafuta ya taa ndani yake, umeiweka juu ya moto, ndani ya nyumba ya mama yangu?"

"Ndiyo, Mjomba."

"Tone moja lingeanguka kwenye mafiga, Yuliana, leo mgekuja kunipa taarifa nyingine." Alimshika bega. Mkono wake ulinuka rangi na jasho. "Na yale mahindi ya juu usile. Mwambie bibi yako awape… hapana, hata kuku wasipewe. Ayafukie. Sikiliza. Rangi ya mafuta haikaushwi na moto. Inakaushwa na upepo. Moto unaikausha ngozi ya juu tu, chini inabaki uji, na uji hauna pa kutokea. Kingekuwa kibaraza chenye upepo, ukungu usingekushinda. Ungengoja siku mbili zaidi, basi."

"Tunaweza kuwaokoa?" aliuliza Mwalimu.

"Nina rangi ya magari. Hiyo inakauka upesi, kabla mtu hajamaliza sahani ya wali. Lakini haipendi kupakwa juu ya rangi ya mafuta. Itavimba kama andazi. Lazima muwavue watu wote nguo zao, mpaka mti uonekane. Na mtawavua ninyi. Watu ni wenu."

Wakaanza. Kwanza kitambaa chenye mafuta ya taa, kulainisha. Halafu kipande cha chupa, kukwangua. Halafu majani ya msasa, ambayo Mwalimu alikuwa ameyabeba bila kujua kwa nini. Mjomba aliwakalisha nje ya kibanda, upande upepo ulikotoka, ili mvuke wa rangi uende zake na usiwaingie vichwani. Kijana wa kuziba pancha jirani aliwapa tyubu iliyokufa, Kondo akakata kamba mpya za viungo.

"Mwanzo wa kazi yenu ulikuwa mzuri," alisema Mjomba, akimgeuza fundi baiskeli mkononi. "Viungo hivi nani kavifunga?"

"Mimi," alisema Kondo.

"Ukimaliza shule, njoo. Ila sehemu ya kiungo msiipake rangi nyingi. Mkono ukiinuka, rangi inakwanguka. Pakeni tabaka jembamba, ngojeni, kisha jingine. Mtu mwenye pupa hupaka moja nene, halafu anakuja kunililia hapa."

Jua lilipoanza kulalia upande wa Kilosa, watu watano walikuwa wamevuliwa, wamefungwa upya na kupakwa nyeupe, buluu na manjano. Wamesimama kwenye ubao wakingoja macho. Kondo alichukua kijiti, akajaribu jicho moja. Lilitoka kubwa kama kitufe cha koti. Akalitazama, akalifuta, akatazama chini.

"Haya, leta hilo nyoya lako," alimwambia Yuliana. "Mimi nikichora macho, watasema kijiji kizima kina wazimu."

Yuliana alilichukua lile nyoya. Alichovya ncha rangini. Jicho la kwanza lilipotoka sawa, Kondo aliguna, na katika ule mguno Yuliana alisikia kwamba mambo yangekuwa mazuri tena, si leo pengine, lakini yangekuwa.

Walibaki wanne. Wawili walikuwa wamekwanguliwa lakini hawajapakwa, mmoja alikuwa na tabaka jeupe la kwanza tu, na mmoja hakuguswa. Mwanga ulikuwa umekwisha.

"Tuwaache hapa kwa Mjomba," alisema Kondo. "Tupeleke watano."

"Kwa nini tusiwapange foleni?" alisema Angelina. "Tuanze na kipande cha mlingoti mtupu. Kisha asiye na rangi. Kisha mwenye tabaka moja. Kisha waliokamilika. Mtu akipita anaona jinsi mtu anavyozaliwa."

Mwalimu Salehe alimtazama Angelina, akaanza kutabasamu. "Na huyu?" Alimwinua mwanamke wa ndizi, mwenye masizi usoni na gazeti mgongoni.

Yuliana alimpokea kwa mikono miwili. Akasema, "Huyo nitamweka mwenyewe. Na habari yake nitaieleza mwenyewe."

Asubuhi ya Sabasaba uwanja ulijaa. Kulikuwa na katani, pamba, mapapai makubwa kama watoto, na mipini ya majembe kweli kweli, kila shule na fungu lake. Watu tisa walisimama juu ya meza kwa foleni. Wanafunzi wa shule nyingine waliwazunguka, wakataka kuinua mikono ya fundi baiskeli na kumkalisha nesi. Kondo aliwaruhusu, lakini mmoja mmoja, kama askari wa lango.

Mkaguzi alikuwa mama mmoja wa makamo aliyeitwa Mama Chausiku, mwenye miwani na daftari. Aliikagua foleni yote akiandika. Alipofika mwisho alisimama.

"Huyu mbona ana gazeti mgongoni?"

Yuliana alisogea mbele. "Shikamoo, Mama. Huyo ni kosa langu. Niliambiwa niwaache wakauke siku nne. Sikungoja, nikawaweka juu ya uchaga wa jikoni. Ndivyo wote walivyokuwa jana asubuhi. Halafu nilisema uongo kwamba wamekauka, nikawafunga gazeti. Tumewarekebisha hawa, huyu tumemwacha ili mtu mwingine asifanye hivyo."

Pembeni wanafunzi wawili walicheka. Mama Chausiku hakucheka. Alivua miwani, akageuka polepole, akawaonyesha nyuma ya gauni lake. Palikuwa na mistari mitatu ya kijani kibichi.

"Laiti ningekutana na wewe kabla sijakalia kile kigoda cha shule ya pili," alisema. "Na wao waliniambia kimekauka."

Meza nzima iliangua kicheko, na Mwalimu Salehe, ambaye tangu asubuhi alikuwa amesimama kama mti, alicheka kuliko wote. Yuliana alicheka mpaka mbavu zikauma. Mama Chausiku alivuta kiti, akakigusa kwanza kwa kidole, akaketi, akataka aelezwe kila hatua tangu mlingoti.

Walipata nafasi ya pili. Ya kwanza ilikwenda kwa shule iliyotengeneza mashine ya kupukuchua mahindi, na hata Kondo alikubali kwamba ilistahili. Zawadi yao ilikuwa makopo mawili ya rangi na brashi tatu za kweli.

Jumapili lori lilipanda mlima likiwa tupu, linarukaruka. Walipofika Mkuyuni, Petro akashuka tena kutia maji, Mwalimu Salehe alimwita Yuliana akae karibu naye. Kondo na Angelina nao wakasogea.

"Unapakumbuka hapa?"

"Napakumbuka, Mwalimu."

"Hapa uliniambia ukweli, na kutoka hapa tulikuwa na nusu siku. Nusu siku ilituokolea watu watano. Ungeniambia Alhamisi, tungewaokoa wote tisa. Ungeniambia Jumatano, ulipogusa tu, hapangekuwa na cha kuokoa, maana kisingeharibika kitu. Ungengoja mpaka meza ya Sabasaba, tungempoteza mmoja ambaye hatuwezi kumchonga upya." Alimtazama Kondo. "Kila mtu hukosea kazi, mimi pia. Lakini ukikosea, sema siku hiyo hiyo, maana kosa likisemwa mapema bado ni dogo na lina dawa. Mmesikia?"

"Tumesikia, Mwalimu."

"Vizuri. Sasa adhabu. Utajenga kichanja nje ya stoo, chini ya paa, mahali penye upepo, cha kukaushia rangi. Peke yako."

"Mwalimu," alisema Kondo, "fito nitamkatia mimi. Akikata yeye zitapinda."

"Fito tu," alisema Mwalimu.

Yuliana alijenga kile kichanja kwa wiki mbili. Kilidumu miaka sita. Bibi alifukia mahindi ya uchaga, akamnunia mjukuu wake siku tatu, kisha akamsamehe. Mwanamke wa ndizi alikaa juu ya meza ya Mwalimu Salehe na gazeti lake mgongoni, na Mwalimu alipohamishiwa Kilosa mwaka 1975 aliondoka naye. Wale wengine wanane walibaki kabatini. Wanne waliliwa na mchwa, wanne walipewa watoto wa darasa la kwanza wakawachezea mpaka wakaisha. Kondo alimaliza darasa la saba akaenda Msamvu kwa Mjomba Bonifasi, akawa fundi rangi. Angelina alisomea uuguzi, akafanya kazi zahanati ya Mkuyuni. Petro aliendelea na lori mpaka lilipokosa vipuri. Yuliana alikuja kuwa mwalimu wa kazi za mikono huko huko milimani. Kila Jumatatu ya kupaka rangi, ufunguo wa stoo aliubakiza mlangoni, ili anayetaka kugusa aguse, mradi aje kumwambia siku hiyo hiyo.